Jina, Mahali na Mchoro: Sanaa ya Korongo na Uhifadhi wa Ndege Walio Hatarini Kutoweka

Ikisiri

Korongo ni miongoni mwa ndege waliochorwa sana duniani, na pia ni miongoni mwa familia za ndege zinazokabiliwa na hatari kubwa ya kutoweka. Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya mambo hayo mawili kwa kulinganisha mapokeo matatu ya sanaa: mchoro wa korongo mweupe wa Siberia uliofanywa na Mansur katika kasri la Jahangir nchini India, taswira za korongo katika sanaa ya Japani, na korongo wa bendera na nembo ya Uganda. Hoja kuu ni kwamba wingi wa taswira haumlindi ndege. Mchoro hutumikia uhifadhi pale unapomtambulisha ndege kwa spishi yake na mahali pake, na utambulisho huo haukamiliki bila jina mahususi. Makala yanaonyesha kuwa neno *korongo* katika Kiswahili cha kawaida huwakusanya ndege wa familia mbalimbali, na kwamba utata huo una athari katika maelezo ya picha, vitabu vya shule na tafsiri za nyaraka za kisera. Mapendekezo yanatolewa kwa asasi za Kiswahili na za uhifadhi katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Katika majira ya baridi ya mwaka 2001 kuelekea 2002, korongo wawili weupe wa Siberia walionekana katika Hifadhi ya Taifa ya Keoladeo, Bharatpur, kaskazini mwa India. Hao ndio waliokuwa wa mwisho wa spishi yao kuonekana mahali hapo. Takribani karne nne kabla yao, mchoraji wa kasri la Jahangir aitwaye Mansur alikuwa amemchora ndege wa spishi hiyohiyo kwa uangalifu mkubwa, na mchoro wake umehifadhiwa Kolkata hadi leo. Anayetaka kumwona korongo mweupe nchini India sasa hana budi kwenda kwenye jumba la makumbusho badala ya bwawani.

Hali hiyo inazua swali ambalo ni zito kwa watafiti na kwa washauri wa sera: mchoro unamfanyia nini ndege aliye hatarini? Jibu la haraka, na ambalo husikika mara nyingi, ni kwamba sanaa huamsha hisia, na hisia huleta uhifadhi. Makala haya yanaonyesha kwamba jibu hilo ni pungufu. Zipo jamii zilizomchora korongo katika kila pembe ya maisha yao huku ndege mwenyewe akikaribia kwisha. Kinachohitaji kuchunguzwa, kwa hiyo, ni namna mchoro unavyomtaja ndege, yaani ni ndege gani, wa mahali gani na kwa jina lipi. Wingi wa michoro peke yake hautoi jibu.

Swali hili lina uzito wa pekee katika Afrika Mashariki, ambako korongo mwenye taji amewekwa katikati ya bendera ya taifa moja, na ambako lugha ya Kiswahili inazidi kupewa majukumu rasmi. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda liliridhia hatua kama hiyo mwezi Julai 2022. Nyaraka za mazingira, vitabu vya shule na maelezo ya makumbusho katika nchi hizo vitahitaji kuandikwa kwa Kiswahili. Vitamwitaje ndege huyu?

2.0 Neno *Korongo* na Mipaka Yake

Kabla ya kuijadili michoro ni lazima kuliangalia neno lenyewe. *Korongo* ni neno lenye maana nyingi. Hutaja bonde jembamba lenye kingo za mporomoko, kama katika *Korongo la Olduvai*. Hutaja mnyama wa jamii ya paa wakubwa. Na hutaja ndege mrefu wa miguu na shingo. Maana mbili za kwanza hazileti tatizo, kwa sababu muktadha huzitenganisha. Tatizo limo ndani ya maana ya tatu.

Katika matumizi ya kawaida, na katika kamusi nyingi, *korongo* hutumika kwa ndege wa familia zaidi ya moja. Ya kwanza ni familia ya Gruidae, yenye spishi 15 duniani, ambayo korongo mwenye taji na korongo mweupe wa Siberia ni wanachama wake. Ya pili ni familia ya Ciconiidae, ambayo ndani yake wamo kongoti na yule ndege mweupe mwenye mabawa meusi na mdomo mwekundu ambaye kila mwaka huhamia Afrika kutoka Ulaya. Baadhi ya wasemaji hulitumia neno hilohilo hata kwa ndege wa jamii ya yangeyange.

Kwa mtazamaji wa mbali, ndege hao wanafanana. Wanapotazamwa kwa makini, tofauti zao ni kubwa. Ndege wa Gruidae wana sauti kali inayosikika mbali sana, hasa wanapoitana wawili wawili; wale wa Ciconiidae karibu hawana sauti, na wengi wao huwasiliana kwa kugonganisha midomo. Gruidae kwa kawaida hutaga mayai chini, katikati ya majani ya bwawa. Ciconiidae wengi hujenga matundu juu ya miti, majabali au mapaa ya nyumba. Tofauti hiyo ya mwisho ni ya kisera pia. Ndege anayetaga katikati ya bwawa hupoteza mahali pa kuzalia pindi bwawa linapokaushwa kwa ajili ya kilimo, wakati anayetaga juu ya mti au paa anaweza kuendelea.

Kutokana na utata huo, sentensi mbili zinazopingana zinaweza kuwa kweli kwa pamoja katika Kiswahili: *korongo yumo hatarini kutoweka* na *korongo hayumo hatarini*. Ya kwanza ni kweli kwa korongo mwenye taji. Ya pili ni kweli kwa mhamaji mweupe wa Ulaya. Msomaji wa waraka wa sera hana njia ya kujua ni yupi anayezungumziwa. Katika makala haya, neno *korongo* linatumika kwa ndege wa familia ya Gruidae pekee.

3.0 Mansur na Ndege Mmoja

Jahangir alitawala dola ya Wamughal kuanzia mwaka 1605 hadi 1627. Kumbukumbu alizoziandika zinaonyesha mtawala aliyependa kuchunguza viumbe, kuwapima na kuandika tabia zao. Aliwafuga korongo wawili wa spishi ya sarus, akawapa majina ya wapenzi mashuhuri wa fasihi ya Mashariki, Laila na Majnun, na akaandika kwa utaratibu namna walivyopandana, walivyotaga na walivyopokezana kuatamia. Katika kasri la namna hiyo mchoraji hakutakiwa kupamba tu. Alitakiwa kuthibitisha.

Mansur, aliyepewa na Jahangir lakabu yenye maana ya *Ajabu ya Zama*, ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa upande wa wanyama na maua. Mchoro wake wa korongo mweupe wa Siberia unaonyesha mikunjo ya ngozi tupu ya uso, mpangilio wa manyoya, na hata ruba mdogo aliyegandia mguuni. Ruba huyo anastahili kuzingatiwa. Hana kazi yoyote ya urembo, na hamwongezei ndege utukufu. Yupo kwa sababu ndege aliyechorwa alikuwa ametoka majini, na mchoraji alichora alichokiona. Kwa alama ndogo kama hiyo, mchoro unabeba habari ya mahali: huyu ni ndege wa bwawa.

Mwanasayansi Peter Simon Pallas alimwelezea na kumpa korongo huyo jina la kisayansi mwaka 1773, zaidi ya karne moja baada ya Mansur kumchora. Kwa maana hiyo, mchoro ulitangulia sayansi ya uainishaji, na bado unaweza kutumika leo kumtambua ndege bila shaka yoyote.

Kazi ya Mansur inagusa Afrika Mashariki kwa njia mbili. Mwaka 1621 alimchora punda milia aliyefikishwa kwa Jahangir kutoka Uhabeshi. Kumbukumbu za Jahangir zinasimulia kuwa baadhi ya watu walidhani milia ya mnyama huyo ilipakwa rangi, mpaka walipomkagua na kuridhika kuwa ndivyo alivyoumbwa. Jahangir alimweleza kuwa ni punda mwitu mwenye milia, kauli inayokaribiana mno na muundo wa neno la Kiswahili *punda milia*. Lugha mbili, kila moja kwa njia yake, zilimtaja mgeni kwa kumlinganisha na anayejulikana, kisha zikaongeza sifa inayomtenga. Mbinu hiyo ya uundaji wa majina itarejelewa katika sehemu ya saba.

Njia ya pili ni mchoro wa ndege dodo wa kisiwa cha Morisi, unaohifadhiwa St. Petersburg na kuhusishwa na Mansur. Dodo alitoweka kabisa katika karne ya 17. Mchoro huo ni miongoni mwa ushahidi mchache wa rangi zake uliochorwa kwa kumtazama ndege hai. Unatoa funzo lisilopendeza: usahihi wa mchoro haumwokoi aliyechorwa. Unaweza kuwa rekodi bora ya kilichopotea.

4.0 Safari Ambayo Mchoro Haukuionyesha

Kama mchoro wa Mansur ulikuwa sahihi kiasi hicho, kwa nini korongo mweupe ametoweka India? Jibu limo katika kitu ambacho mchoro haukuweza kukionyesha, nacho ni safari.

Korongo mweupe wa Siberia huzaliana katika mabwawa ya kaskazini ya mbali nchini Urusi na husafiri maelfu ya kilomita kukimbia baridi. Makundi yake yamejulikana kwa njia tatu za uhamaji. Kundi la mashariki husafiri takribani kilomita 5,000 hadi ziwa Poyang nchini China, na ndilo lenye karibu ndege wote waliosalia. Kundi la kati lilishukia India. Kundi la magharibi lilishukia Iran, ambako kwa zaidi ya muongo mmoja alikuwa akirejea dume mmoja tu, ambaye watu wa huko walimpa jina la Omid, yaani Tumaini.

Bharatpur haikuwa mahali palipoachwa bila ulinzi. Ilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 1981, na ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1985. Hata hivyo korongo, ambao katikati ya miaka ya 1960 walihesabiwa kufikia 200, waliendelea kupungua mpaka wakaisha. Walikuwa wakiwindwa njiani, hasa katika nchi walizopita kati ya Siberia na India, na vituo vyao vya kupumzikia vilikuwa vikiharibika. Ndege ahamaye hulindwa kwa kiwango cha kituo chake dhaifu kuliko vyote.

Ni kwa kutambua hilo ndipo mwaka 1993 nchi zilizo katika njia za korongo huyo zilipoanza kutia saini hati ya maelewano chini ya Mkataba wa Spishi Zihamazo. Hati hiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake chini ya mkataba huo. Kwa kundi la kati, hatua hiyo ilichelewa.

Kwa watumiaji wa sanaa katika elimu ya mazingira, funzo ni kwamba picha ya ndege ahamaye inapaswa kuandamana na habari ya safari yake. Picha ya ndege aliyesimama peke yake, hata ikiwa sahihi kama ya Mansur, humfanya aonekane kama mkazi wa mahali alipochorwa. Kinachokosekana kwenye rangi inafaa kiwekwe kwenye maneno.

5.0 Korongo Aliyegeuka Alama

Wakati Mansur akichora ndege mmoja mmoja, wasanii wa Kyoto walikuwa wakimchora korongo kwa namna tofauti kabisa. Katika gombo maarufu la mwanzoni mwa karne ya 17, Tawaraya Sotatsu alichora makundi ya korongo kwa dhahabu na fedha, wakipaa na kutua, na juu yao Hon'ami Koetsu akaandika mashairi kwa mwandiko wake. Ndege hao hawana ruba wala mikunjo ya ngozi. Wanarudiwarudiwa kama mdundo. Kazi yao ni kuongoza jicho na kubeba maana ya maisha marefu na heri.

Mapokeo hayo yameendelea kwa nguvu. Korongo wa Japani yupo kwenye mavazi ya harusi, kwenye karatasi zinazokunjwa, kwenye alama ya shirika la ndege la taifa, na alikuwepo nyuma ya noti ya yen 1,000 iliyotolewa mwaka 1984. Ni vigumu kupata ndege mwingine aliyependwa kiasi hicho na wasanii wa nchi moja.

Lakini ndege mwenyewe, korongo mwenye utosi mwekundu, alipungua sana kutokana na uwindaji na kukaushwa kwa mabwawa, hasa baada ya utaratibu wa zamani wa kudhibiti uwindaji kulegea kufuatia mabadiliko ya utawala ya mwaka 1868. Ilidhaniwa ametoweka kabisa nchini, mpaka mwaka 1924 kundi dogo lilipogunduliwa katika bwawa la Kushiro, kisiwani Hokkaido. Mwaka 1952 walihesabiwa 33 tu. Kilichowaokoa hakikuwa gombo wala kitambaa. Wakulima walianza kuwapa mahindi wakati wa baridi kali, serikali ikawapa hadhi ya kulindwa, na bwawa la Kushiro likatambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1980. Sasa wapo zaidi ya 1,000 kisiwani humo.

Katika sanaa hiyohiyo kuna jambo moja linalofanana kwa karibu na tatizo la Kiswahili. Michoro mingi ya Japani na China humwonyesha korongo amesimama juu ya msonobari, kwa kuwa wote wawili, ndege na mti, ni alama za maisha marefu. Korongo mwenye utosi mwekundu hatui juu ya miti. Kidole chake cha nyuma ni kifupi na hakiwezi kushika tawi. Wataalamu wa ndege wameeleza kuwa huenda aliyeonekana juu ya msonobari ni ndege wa familia ya Ciconiidae ambaye kweli hujenga tundu lake huko. Wachoraji waliwaunganisha ndege wawili katika taswira moja.

Ndege huyo wa pili alitoweka katika mazingira ya asili ya Japani mwaka 1971, kutokana na uwindaji, ukataji wa misonobari na sumu za mashambani. Ilibidi arejeshwe kwa kuzalishwa vizimbani, na wa kwanza waliachiliwa Toyooka mwaka 2005. Haitakuwa sahihi kudai kuwa mchanganyo wa wachoraji ndio uliomwangamiza. Linaloweza kusemwa ni kwamba taswira inayowaunganisha ndege wawili haiwezi kumwonyesha mtazamaji kuwa mmoja wao ameondoka. Juu ya msonobari wa kwenye karatasi nafasi haikuwa wazi hata siku moja.

6.0 Korongo wa Bendera na Korongo wa Bustani

Kutoka Japani hadi Uganda kuna umbali mkubwa wa mahali lakini si wa hoja. Tangu tarehe 9 Oktoba 1962, korongo mwenye taji, kwa jina la kisayansi *Balearica regulorum*, amesimama katikati ya bendera ya Uganda, ndani ya duara jeupe, mguu mmoja ukiwa umeinuliwa. Yumo pia katika nembo ya taifa, mkabala na swala wa Uganda, na timu ya taifa ya kandanda hubeba jina lake. Kabla ya kuwa alama ya taifa alikuwa tayari mwiko wa ukoo: miongoni mwa koo za Buganda kuna ukoo wa Ngaali, ambao watu wake hawaruhusiwi kumla ndege huyo.

Tofauti na korongo wa Siberia, korongo mwenye taji hahami kutoka bara hadi bara. Husogea kwa misimu, akifuata maji na malisho, na mara nyingi huvuka mipaka ya nchi bila kujua. Hatari inayomkabili inafanana na ya wenzake. Idadi yake barani Afrika ilikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 mwaka 1985, na kati ya 50,000 na 64,000 mwaka 2004. Mwaka 2012 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile ulimweka katika kundi la spishi zilizo hatarini kutoweka. Sababu kuu ni kugeuzwa kwa mabwawa kuwa mashamba, sumu, nyaya za umeme, na kukamatwa akiwa hai kwa ajili ya biashara.

Sababu hiyo ya mwisho inahusu mada ya makala haya moja kwa moja. Nchini Rwanda, ambako ndege huyu huitwa *umusambi*, wengi walichukuliwa mabwawani na kuwekwa katika bustani za hoteli na za nyumba za watu kama pambo. Baadhi walikatwa au kuvunjwa mabawa ili wasiruke. Ndege hai alifanywa picha. Aliwekwa mahali ambapo kazi yake ilikuwa kutazamwa, akatengwa na bwawa lake na asizaliane, kwa kuwa korongo hawa huzaa kwa nadra wakiwa kifungoni. Upendo wa taswira uligeuka kuwa chanzo cha upungufu.

Hatua zilizochukuliwa na Rwanda zinafundisha. Chini ya uongozi wa daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na shirika la uhifadhi wa wanyamapori alilolianzisha, korongo wa majumbani walisajiliwa badala ya wamiliki wao kuadhibiwa. Walio na afya walirejeshwa porini kupitia Hifadhi ya Taifa ya Akagera. Na wasioweza tena kuruka walipewa makazi katika kijiji cha Umusambi jijini Kigali, kwenye ardhioevu iliyofufuliwa. Sensa ya nchi nzima ilihesabu korongo 487 mwaka 2017 na 881 mwaka 2021. Inafaa kuzingatia kuwa kijiji hicho kinaitwa kwa jina la ndege mwenyewe katika lugha ya wenyeji. Mgeni anayefika hapo anamwona ndege, anaona bwawa lake, na anaondoka na jina lake. Mambo matatu ambayo mchoro wa alama huyatenganisha yamekutanishwa mahali pamoja.

Je, wachoraji wa Afrika Mashariki watakiwe wote kuchora kama Mansur? La. Sanaa iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968 imejaa ndege wa miguu mirefu na shingo za kupinda, na uzuri wake umo katika uhuru wa rangi na umbo. Kudai kuwa kila ndege wa Tingatinga atambulike kwa spishi ni kuiua sanaa hiyo bila kumsaidia ndege yeyote. Jukumu la utambulisho liwekwe penye uwezo wa kulibeba: katika jina la mchoro, katika maelezo yanayoambatana nao, na katika lugha ya asasi inayoutumia kufundisha.

7.0 Athari kwa Kiswahili na kwa Sera

Mjadala uliotangulia unaonyesha kuwa utambulisho wa ndege una nguzo tatu: umbo lake, mahali pake na jina lake. Mchoro mzuri unaweza kutoa ya kwanza, na mara chache ya pili. Ya tatu ni kazi ya lugha, na hapo Kiswahili kina deni.

Njia mbili zinaweza kufuatwa kulipa deni hilo. Ya kwanza ni kukopa kutoka lugha za Kibantu za jirani. *Umusambi* wa Kinyarwanda na Kirundi unaweza kuingia katika Kiswahili kwa urahisi kama *msambi*, wingi *wasambi*, bila kukiuka utaratibu wa ngeli. *Ngaali* ya Kiganda nayo inaweza kupokelewa bila shida kubwa ya matamshi. Faida ya njia hii ni kwamba jina linakuwa mahususi tangu mwanzo na linabeba heshima ya jamii zilizomjua ndege. Hasara yake ni kwamba kuchagua neno la lugha moja kunaweza kuonekana kuzipuuza nyingine, na msomaji wa pwani hatapata kidokezo chochote cha maana.

Njia ya pili ni ile ya *punda milia*: kuchukua neno linalojulikana na kuliongezea sifa inayomtenga mhusika. Kwa njia hii hupatikana *korongo-taji*, na kwa mfano huohuo *korongo mweupe wa Siberia* na *korongo-utosi-mwekundu*. Majina haya yanaeleweka papo hapo na yanalingana na kile kinachoonekana kwenye picha, jambo linaloyafanya yafae kwa maelezo ya michoro. Hasara yake ni kwamba yanaegemea neno *korongo*, ambalo lenyewe bado halijawekewa mipaka.

Makala haya yanaunga mkono njia ya pili katika maandishi ya kitaalamu na ya kisera, kwa sharti kwamba *korongo* litengewe familia ya Gruidae, na *kongoti* lipanuliwe kuwa jina la jumla la familia ya Ciconiidae. Majina ya lugha za wenyeji yasiachwe. Yawekwe sambamba katika maelezo yanayosomwa na umma, kwa kuwa ndiyo yanayotumika kwenye kingo za mabwawa ambako uamuzi wa kulima au kuacha hufanyika.

Kwa msingi huo, yanapendekezwa yafuatayo:

(a) Baraza la Kiswahili la Taifa, Baraza la Kiswahili la Zanzibar na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yashirikiane na wataalamu wa ndege kuandaa orodha ya majina ya ndege wa ardhioevu, ikianza na spishi zilizo hatarini.

(b) Tafsiri yoyote ya sheria, mkataba au mpango wa uhifadhi iambatanishe jina la kisayansi kila jina la ndege linapotokea kwa mara ya kwanza, mpaka orodha hiyo itakapokubalika.

(c) Makumbusho, hifadhi na wachapishaji wa vitabu vya shule wanaotumia picha za korongo waweke maelezo yenye mambo matatu: jina mahususi, aina ya makazi, na njia au msimu wa mwendo wa ndege huyo.

(d) Vitabu vya uraia vinavyofundisha maana ya bendera na nembo vieleze pia hali ya ndege aliyemo. Mwanafunzi anayejifunza kuwa mguu ulioinuliwa ni ishara ya kusonga mbele astahili kujua pia kuwa ndege huyo hutaga bwawani.

(e) Asasi zinazowaagiza wachoraji kazi za uhifadhi ziwapeleke kwanza mahali alipo ndege. Ruba wa Mansur hakutoka kwenye kumbukumbu.

8.0 Hitimisho

Mapokeo matatu yaliyochunguzwa yanafikisha mahali pamoja kwa njia tofauti. Mansur alimchora ndege kwa usahihi, lakini safari ya ndege huyo haikulindwa, na mchoro ukabaki kuwa kumbukumbu. Japani ilimpenda korongo kwenye karatasi na hariri, na ikakaribia kumpoteza mpaka wakulima walipotoa mahindi. Uganda ilimpa korongo heshima ya bendera, na jirani yake Rwanda ikalazimika kumtoa bustanini ili arudi kuwa ndege. Katika mapokeo yote matatu, taswira peke yake haikutosha. Kilichofanya kazi ni pale watu walipojua ni ndege gani, yupo wapi na anahitaji nini.

Kwa Kiswahili jambo hili si la urembo wa istilahi. Lugha inayokabidhiwa nyaraka za mazingira za eneo zima inapaswa kuwa na uwezo wa kusema ndege yupi amepungua, bila msomaji kulazimika kubahatisha. Bendera ya Uganda itaendelea kupepea hata mabwawa yakikauka, na duara lake jeupe halitakuwa tupu. Ndiyo maana habari ya kutoweka haiwezi kusubiriwa kutoka kwenye bendera. Ni wajibu wa maneno kuitoa.